Ukoo wa Busaidi na nyumba za Mji Mkongwe: kiti cha Zanzibar kilirithiwaje?

Ukisimama Forodhani ukaipa bahari mgongo, nyumba tatu zinakutazama. Kulia kwako ni Ngome Kongwe, katikati ni Beit al-Ajaib, na kushoto ni jumba jeupe la Beit al-Sahil ambalo leo ni makumbusho. Waongozaji wa wageni huyataja majina ya masultani kwa mfululizo: Said, Majid, Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Hamoud, Ali mwingine, Khalifa mwingine, Abdullah, Jamshid. Anayesikiliza huondoka akiamini kwamba baba alimwachia mwana, na mwana akamwachia wake, mpaka Mapinduzi yalipokuja Januari 1964.

Haikuwa hivyo. Tangu Majid alipokalia kiti mwaka 1856, utawala wa Zanzibar ulitoka kwa baba kwenda kwa mtoto wake wa kumzaa mara tatu tu: 1902, 1960 na 1963. Nyakati nyingine zote ulikwenda ubavuni, kwa ndugu, kwa mtoto wa ndugu, kwa binamu, na mara moja kwa shemeji. Na karibu kila ulipohama, lililouamua jambo halikuwa nasaba peke yake bali nani ameingia katika nyumba zile za ufukweni kwanza, na nani ana nguvu za kumtoa. Ndiyo maana naona nasaba ya Busaidi haieleweki ikisomwa mbali na nyumba walizoishi, na nyumba hizo nazo hazieleweki kwa mtu asiyejua nani alikuwa mtoto wa nani.

Tuanze na ukoo wenyewe.

Imamu, Seyyid, Sultani

Mzizi ni Ahmad bin Said, liwali wa Sohar katika Oman, aliyewatoa Waajemi katika miaka ya 1740 na akachaguliwa kuwa Imamu. Neno la kushika hapo ni kuchaguliwa. Katika madhehebu ya Ibadhi, Imamu hateuliwi kwa sababu baba yake alikuwa Imamu. Wanazuoni na wakubwa wa makabila humtazama anayefaa, wakampa mkono. Wazao wa Ahmad walibaki na madaraka hata pale ambapo hawakuchaguliwa kuwa maimamu. Wakajiita Seyyid, kwa maana ya bwana mtawala, si kwa maana ya sharifu wa kizazi cha Mtume. Jina la Sultani lilizoeleka zaidi kupitia Wazungu na mikataba yao. Kwa hiyo hapakuwa na sheria iliyosema mtoto mkubwa ndiye mrithi. Kulikuwa na wanaume wengi wa ukoo mmoja, wote wana haki ya kudai, na aliyeweza kushika akashika.

Hapa msomaji huchanganyikiwa na majina, na si kosa lake. Katika "Said bin Sultan", hilo Sultan ni jina la baba, si cheo. Sultan bin Ahmad aliuawa baharini mwaka 1804. Akaja mpwa wake, Badr bin Seif, akashika hatamu mjini Muscat, na mwaka 1806 Said, kijana aliyezaliwa 1791, akamuua binamu yake huyo na kuanza utawala wa nusu karne. Wako pia Khalifa wawili, Ali wawili na Khalid wawili. Dawa ni moja: usilisome jina la kwanza pekee, soma na "bin". Khalifa bin Said na Khalifa bin Haroub wametenganishwa na vizazi viwili, na wametoka matawi tofauti.

Dola ya Said ilikuwa na miguu pande mbili za bahari: Oman na bandari za Ghuba kule, Unguja, Pemba na mwambao huku. Alifika Zanzibar kwa mara ya kwanza 1828, akawavunja Wamazrui wa Mombasa mwaka 1837, na kufikia 1840 Zanzibar ndiyo ilikuwa makao yake. Hakukikuta kisiwa kitupu. Kulikuwa na Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, aliyeendelea kuwatoza na kuwasimamia watu wake chini ya kivuli cha Said. Jumba la Mwinyi Mkuu wa mwisho mwenye nguvu, Muhammad bin Ahmad, lilijengwa Dunga, katikati ya kisiwa, mbali na macho ya pwani. Alifariki 1865, mwanawe akafuata 1873, na cheo kikaisha. Magofu ya Dunga hutembelewa na wachache, nami nasikitika kwamba historia ya nyumba za kifalme za Unguja huanza kusimuliwa Forodhani kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mwenyewe.

Watoto wa baba mmoja, nyumba mbalimbali

Said alipofariki Oktoba 1856, akiwa ndani ya merikebu yake Victoria akirudi kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai. Mke wake wa ndoa, Azza binti Seif, hakuacha mtoto. Wote 36 walikuwa watoto wa masuria: wanawake wa Kihabeshi, wa Kicircassia, wa Kigeorgia na wengineo, walionunuliwa au kutekwa wakaletwa ndani. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni muungwana, ana urithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Basi kwa upande wa baba wote walikuwa sawa. Tofauti zao zilikuwa kwa upande wa mama, na mama maana yake nyumba.

Tunalijua hili kwa undani kwa sababu mmoja wa watoto hao, Seyyida Salme, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akajifundisha kuandika kwa siri, akaja kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaieleza Beit al-Mtoni, jumba kongwe kuliko yote ya ukoo huu, kaskazini ya mji, penye kijito kinachoingia baharini. Anakadiria watu 1,000 waliishi humo. Mbele ya bahari palikuwa na jengo la mviringo la mbao waliloliita benjile, na baba yake alikuwa akienda huku na huko juu yake, kichwa kainamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyompata pajani katika vita. Hapo Mtoni ndipo alipoishi Azza binti Seif, aliyeheshimiwa na kuogopwa.

Mjini kulikuwa na Beit al-Sahil, nyumba ya ufukweni, na nyumba nyingine ambazo wana wakubwa walipewa walipobaleghe. Mama yake Salme, Jilfidan, na mama yake Majid, Sara, walitoka nchi moja ya Circassia, na waliahidiana: atakayetangulia kufa, aliyebaki atawalea wa mwenzake. Sara akatangulia. Majid alipopewa nyumba yake ya Beit al-Watoro, Jilfidan akahamia huko na binti yake ili kumtunza Majid na dada yake Khaduj. Ahadi hiyo ya wanawake wawili waliotolewa kwao ilikuwa na nguvu katika siasa za ukoo kuliko mstari wowote wa nasaba. Barghash, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, alikuwa na nyumba yake na dada zake wa upande wake. Ukiwachora wote chini ya jina la Said, wanaonekana ndugu sawasawa. Ukiwaweka kila mmoja katika nyumba yake, unaona tayari nani atasimama na nani siku ya ugomvi.

Na siku hiyo ilifika pamoja na maiti ya Said. Barghash, aliyekuwa safarini na baba yake, aliushusha mwili usiku, akauzika kimya Makusurani, makaburi ya familia yaliyo ubavuni mwa Beit al-Sahil, na kabla mji haujapata habari akajaribu kuizunguka nyumba ya Majid na kuipata ngome. Askari wa ngome hawakumpa. Majid akatangazwa mtawala.

Thuwaini, ndugu mkubwa aliyekuwa akishika Muscat kwa niaba ya baba yao, hakukubali kuachiwa Oman tu huku karafuu na ushuru wa forodha vikibaki Zanzibar. Waingereza wa India waliingilia, na Aprili 1861 Lord Canning, aliyekuwa mkuu wa serikali yao kule, akaamua: Majid abaki na Zanzibar na mwambao, Thuwaini abaki na Oman, na Majid ampelekee ndugu yake reale 40,000 kila mwaka. Dola ya Said ikawa mbili. Kwa jicho langu hapo ndipo ukoo huu ulipoacha kuwa wa kibeberu kwa nguvu zake wenyewe, ingawa majumba makubwa zaidi yalikuwa bado hayajajengwa.

Barghash na nyumba yake

Kabla ya uamuzi huo, mwaka 1859, Barghash alijaribu tena. Majid aliizingira nyumba yake kwa askari. Dada zake Khole na Salme wakaja na msafara wa wanawake, wakaingia kumwona, na walipotoka walikuwa na mwanamume mmoja kati yao aliyejifunika kike kuanzia kichwani. Salme alikuwa ameuacha upande wa Majid aliyelelewa naye na akawa mwandishi wa barua za waasi, kwa kuwa alijua kuandika. Barghash alikwenda kujiimarisha katika shamba lililoitwa Marseilles, ambalo kaka yao marehemu Khalid bin Said alilipa jina hilo kwa mapenzi yake na Ufaransa. Hakudumu. Wanamaji wa Kiingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay.

Majid alifariki Oktoba 1870 bila mtoto wa kiume. Barghash, aliyekwisha kurejea na kukaa kimya, akakalia kiti kwa zaidi ya miaka 17. Mji Mkongwe tunaouona leo ni wake zaidi kuliko wa mtawala mwingine yeyote. Alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini. Alijenga hamamu ya watu wote katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni. Alijenga majumba ya nje ya mji, Chukwani kusini na Maruhubi kaskazini. Na mwaka 1883 ikasimama Beit al-Ajaib.

Ili ujue ajabu yake, kwanza angalia nyumba za kawaida za Mji Mkongwe. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haiongezeki. Kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, nyumba ya tajiri na ya asiye tajiri; mwenye mali huongeza vyumba na ghorofa, hapanui chumba. Beit al-Ajaib ilivunja kipimo hicho kwa chuma. Nguzo ndefu za chuma zilizunguka pande zake, zikashikilia roshani pana kila ghorofa, na katikati ukaachwa uwanda ulio wazi mpaka juu. Ilikuwa nyumba ya kwanza Zanzibar kuwaka umeme, na ikawekwa lifti. Milango yake mikubwa ilichongwa aya za Kurani. Haikujengwa iwe ya kulala. Ilikuwa ya sherehe, ya kupokea wageni na kuonyesha ukubwa. Madaraja ya juu yaliiunganisha na Beit al-Hukm na Beit al-Sahil, ili wanawake wa kifalme wapite kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka barabarani. Watu wa mwambao wa kaskazini wanayajua madaraja ya namna hii kwa jina la wikio.

Fedha za haya yote zilitoka wapi? Zilitoka katika ushuru wa bandari, pembe za ndovu na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Barghash ndiye aliyetia saini, kwa shinikizo la Waingereza, mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa, na soko la Mkunazini likageuka uwanja wa kanisa kuu la Anglikana. Utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani mpaka Aprili 1897. Kusifu nguzo za Beit al-Ajaib bila kuwataja walioipandisha mizigo yake ni kusimulia nusu ya nyumba.

Siku mbili za Khalid

Baada ya Barghash kufariki Machi 1888 wakafuatana ndugu zake wawili, Khalifa bin Said na Ali bin Said. Kwa hiyo tangu 1856 mpaka 1893 walitawala watoto wanne wa baba mmoja, mmoja baada ya mwingine. Wakati huo Wajerumani na Waingereza walikuwa wakiumega mwambao, na mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Ali alipofariki Machi 1893 kizazi cha watoto wa Said kikaisha kitini, na swali gumu likaja: katika wajukuu, nani?

Khalid bin Barghash alijibu kwa kuingia katika jumba. Waingereza wakamtoa, wakamweka Hamad bin Thuwaini. Hamad akafariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, na saa chache baadaye Khalid akaingia tena, safari hii akiwa na watu wengi wenye silaha na mizinga. Hoja yake ilikuwa na uzito kwa yeyote anayefikiri kwamba mtoto humrithi baba: alikuwa mtoto wa Barghash. Kwa desturi ya ukoo haikumpa haki zaidi ya binamu zake, na kwa Waingereza jambo moja tu lilikuwa na maana, kwamba mtawala asikae bila idhini yao.

Asubuhi ya tarehe 27 meli zao za vita zilizotia nanga mbele ya mji zilifungua mizinga. Ilichukua dakika zipatazo 40. Beit al-Hukm ikaangamia, Beit al-Sahil ikabomolewa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama mbele ya nyumba hizo, na watu wapatao 500 wa upande wa jumba wakafa au kujeruhiwa. Walikuwa askari, watumishi na watumwa, watu wa mji huu huu. Vitabu vingi vya nje huitaja siku hiyo kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani na kuishia hapo, kama maswali ya chemsha bongo. Mimi huona idadi ya waliokufa ndani ya muda huo ndiyo inayopaswa kutangulia.

Khalid alikimbilia kwa Balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka Shelisheli na St Helena, na hatimaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Beit al-Ajaib ilibaki imesimama, ila mnara uliokuwa mbele yake ulianguka. Mnara wa saa unaoonekana katika picha zote za Zanzibar uliongezwa kwenye uso wa nyumba baada ya mashambulizi hayo. Palipokuwa na Beit al-Hukm pakaachwa bustani, na palipokuwa na Beit al-Sahil ya zamani pakajengwa jumba jipya. Kwa hiyo mgeni anayeambiwa kwamba chumba hiki aliishi Seyyid Said anaelezwa visivyo. Chumba cha Said kilivunjwa 1896.

Matawi mawili ya mwisho

Waingereza walimchagua Hamoud bin Muhammed, mjukuu wa Said kwa tawi lisilokuwa limetawala kabla. Alipofariki 1902 akafuata mwanawe Ali, aliyesoma Harrow, Uingereza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Majid kiti kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ali alijiuzulu mwishoni mwa 1911 akiwa Ulaya, akafariki Paris 1918. Kiti kikaenda kwa shemeji yake, Khalifa bin Haroub, mume wa Seyyida Matuka binti Hamoud. Ndoa za namna hii zilikuwa na kazi: Hamoud naye alimwoa Khanfora, binti wa Majid. Matawi yaliyogombana kizazi kimoja yaliunganishwa kwa mabinti kizazi kilichofuata, na mabinti hao hawamo katika orodha inayokaririwa Forodhani.

Khalifa bin Haroub alikuwa mjukuu wa Thuwaini, yule aliyeambiwa 1861 kwamba Zanzibar si yake. Alitawala miaka 49 kasoro, mpaka Oktoba 1960, muda mrefu kuliko Majid, Barghash, Khalifa na Ali wote kwa pamoja. Mwanawe Abdullah akafuata, kisha mjukuu wake Jamshid mwaka 1963. Na Oman? Huko kizazi cha Thuwaini kiliondoka kitini mapema, na wakashika wazao wa ndugu mwingine, Turki bin Said. Sheria ya Msingi ya Oman ya 1996 ilikwenda mbali zaidi na kuandika wazi kwamba utawala ni wa wazao wa kiume wa Turki bin Said bin Sultan. Masultani wa Oman, Qaboos na Haitham, ni wa tawi hilo. Wa Zanzibar, hata wakiwa wazao wa Said yule yule, wamo nje ya mlango kwa maandishi.

Walipokaa wasio wa ukoo

Yote haya yaliamuliwa ndani ya majumba na ndani ya meli. Lakini mji ulikuwa na pahali pake pa kuyapima, napo ni barazani.

Said na waliomfuata walikaa baraza kila siku: wakubwa wa Kiarabu, makadhi, wafanyabiashara wa Kihindi na wenye mashtaka walifika jumbani, kahawa ikapita, habari zikasikilizwa, hukumu zikatolewa. Mtaani kila nyumba iliiga umbo hilo kwa jiwe. Baraza ya Mji Mkongwe ni benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta, nje ya mlango wa kuchonga, pande mbili. Lina kazi zaidi ya moja. Mwenye nyumba humpokea hapo mgeni wa kiume bila kuivunja sitara ya walio ndani. Mchuuzi hupanga bidhaa juu yake. Mvua ya masika ikigeuza uchochoro kuwa mto, watu hutembea juu ya baraza kutoka nyumba hadi nyumba. Na jioni baada ya alasiri huwa mahakama ya habari: nani kafa, nani kaposa, meli gani imefika, na nani anastahili kukaa kitini. Muuza kahawa hupita na dele lake na makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili asikike kabla hajaonekana, na kashata huja pamoja naye.

Wanawake hawakuwa na baraza ya jiwe. Zao zilikuwa uani, ghorofani na juu ya mapaa, na milango ya ndani kati ya nyumba za majirani ilifanya kazi ya wikio za wafalme. Ukitaka kujua kwa nini njama ya 1859 ilifika mbali kiasi kile kabla ya Majid kuing'amua, angalia hapo: barua na maneno vilipita katika njia ambazo askari wa kiume hawakuruhusiwa kuzikanyaga.

Mahali pengine pa kukusanyika palizaliwa moja kwa moja na ukoo. Bustani ya Victoria kule Vuga ilikuwa ya wanawake wa nyumba ya Barghash. Hamoud akaitoa kwa umma, na ukumbi uliojengwa humo ukawa wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926 mpaka Mapinduzi. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Khalifa bin Haroub, ikaitwa Jubilee. Taarab nayo husimuliwa kuwa ilianzia jumbani kwa Barghash, aliyemtuma Muhammad bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Lakini ilitoka nje upesi. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa, chama ambacho bado kipo Malindi, na baadaye Siti binti Saad, mtoto wa watumwa kutoka Fumba, akaiimba kwa Kiswahili mpaka mabaraza ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, yakaifanya yao. Sauti iliyoanza kama burudani ya wafalme ikawa ya kuwasema mahakimu na matajiri.

Katika zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 mpaka 1963, baraza ziligawanyika kwa vyama, na watu wa mtaa mmoja wakaacha kunywa kahawa pamoja. Wazee wa Unguja wakizungumzia zama hizo hutaja jambo hilo kabla ya kutaja matokeo ya kura. Leo Kona ya Jaws, ndani ya Mji Mkongwe, bado ina kahawa, bao, televisheni na mabishano ya siasa kila jioni, na anayetaka kujua hali ya nchi hukaa hapo kwanza.

Nyumba baada ya ukoo

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963 na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Jamshid aliondoka kwa meli yake Seyyid Khalifa, akakataliwa kushuka Mombasa, akapitia Dar es Salaam na kwenda kuishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Aliruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, na alifariki huko mwishoni mwa 2024 akiwa na umri wa miaka 95.

Nyumba zilibadilishiwa kazi. Jumba la ufukweni likaitwa la Wananchi, likawa ofisi, na tangu 1994 ni makumbusho, na humo Seyyida Salme amepewa chumba chake. Maruhubi iliungua 1899 na nguzo zake zimebaki zikisimama zenyewe kando ya bahari. Mtoni ni magofu. Ngome Kongwe imekuwa pahali pa matamasha, Sauti za Busara na lile la Nchi za Jahazi. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Beit al-Ajaib haikuwa na bahati. Kona yake moja iliporomoka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Fedha za ukarabati huo zilitoka serikali ya Oman, yaani tawi la Turki likiitengeneza nyumba ya ndugu yake Barghash.

Jengo likisimama tena, ningependa ukuta wa kwanza anaokutana nao mgeni usiwe na picha za masultani kwa mfululizo. Uwe na nasaba iliyochorwa kwa matawi, ikionyesha kiti kilivyoruka huku na kule, na kila jina likae pamoja na jina la mama pale linapojulikana: Sara, Jilfidan na wengine. Chini yake yaandikwe majina ya mafundi wawili wa 2020, familia zao zikiridhia. Na baraza mbili za mawe zijengwe pande za mlango, za kukaliwa na watu wa mji bila tiketi.